Mrejesho: epoksi iliyokuwa haiingii kwenye faibaglasi

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwa nini epoksi yangu (ile rezini ya majimaji inayoganda ikichanganywa na hadena, yaani kigumishi chake) hailoweshi faibaglasi, yaani nyuzi za kioo, mabaka meupe yanabaki hata nisukume rola vipi. Kumbe shida kubwa ilikuwa ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, ile gundi inayoshikilia nyuzi imetengenezwa iyeyuke kwenye staireni, kiyeyushi kilichomo kwenye rezini ya aina nyingine iitwayo poliesta, sasa epoksi haina staireni kwa hiyo gundi inabaki palepale na mkeka unakakamaa kama kadibodi. Aliyeniambia nihamie kitambaa cha kufuma chenye nyuzi zilizopakwa saileni (kemikali ya kushikanisha kioo na rezini) inayokubaliana na epoksi, ubarikiwe sana, umeniokoa.

Jingine ni joto. Rezini naiweka na kopo lake kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kama digrii 35 hivi ndo nachanganya na hadena, inakuwa nyepesi kabisa, ila inawahi kuganda so nachanganya kidogo kidogo na kumwaga kwenye trei pana isijipashe yenyewe.

Halafu siku hizi napaka rezini kwenye moldi (umbo ninalotengenezea kipande) kwanza, nalaza kitambaa juu yake, nakiacha dakika chache bila kukigusa. Hapo ndo raha, unaona rezini inapanda kutoka chini, vipovu vinatoka, weupe unafifia mpaka rangi ya moldi inaonekana. Kipande cha majaribio nimekikata kwa msumeno, katikati hamna tundu. Bado kona kali ndo zinanisumbua, kitambaa kinanyanyuka.