Kichanganuzi (sehemu inayosoma muundo wa msimbo) cha kompaila huria (programu ya kutafsiri msimbo) kinakosea 1 - 2 - 3

Mkusanya_msimbo: Wakuu, sarufi yetu (kanuni za muundo wa msimbo) ilikuwa `usemi → usemi "-" namba`. Funksheni ikawa inajiita yenyewe bila kula tokeni (kipande cha msimbo, kama namba au alama) hata moja, hadi staki (kumbukumbu ya miito ya funksheni) ikajaa. Nikageuza kuwa `namba "-" usemi`. Sasa inakwisha, ila jibu ni 2 badala ya -4. Nirekebishe wapi?

mti_wa_sintaksia: Ulipogeuza sarufi, mti (mpangilio wa hesabu) umelalia kulia: 1 - (2 - 3). Tumia kitanzi. Ipe kila opereta (alama ya hesabu) nguvu: `+` na `-` 10, `*` na `/` 20, `^` 30. Kisha `usemi(kiwango)` isome namba ya kwanza, na maadamu opereta inayofuata ina nguvu isiyopungua kiwango, iile na usome upande wa kulia kwa `usemi(nguvu + 1)`. Hiyo +1 ndiyo inayofunga kushoto, yaani hesabu ya kushoto hufanywa kwanza. Kwa `^` usiiongeze, maana hufunga kulia. Alama hasi ya mwanzoni ipe 25, ili `-2^2` iwe -4.

Tokeni: Sahihi kabisa. Ongeza na hili: ukikuta kosa la sintaksia, ruka hadi `;` au `}` ndipo uendelee, lakini hakikisha umekula angalau tokeni moja, la sivyo utarudi kwenye kitanzi kisichoisha. Na tafadhali, kila tokeni itunze baiti inapoanzia na inapoishia; mstari na safu vikokotoe wakati wa kuchapisha kosa tu.

Mkusanya_msimbo: Ile +1 ndiyo niliyoikosa. Imetoa -4, asanteni sana.