Naomba ushauri: trekta linagoma kuwaka asubuhi za Julai, Kongwa

Wakuu, habari za kazi. Trekta ni la dizeli, silinda 4. Kipupwe hiki, saa 12 asubuhi, starta inazunguka kivivu, moshi mweupe unatoka, injini haishiki. Jua likipanda linawaka mara moja.

Betri ikiwa imepumzika inasoma volti 12.6, starta ikivuta inashuka hadi 9.1, na waya wa hasi umeshasuguliwa kwa msasa. Hita za silinda (plagi zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha): tatu zinapitisha umeme, moja imekufa. Oili ni SAE 40, nahisi nzito mno kwa baridi hii.

Moshi mweupe ni dizeli isiyoungua, kwa hiyo mafuta yanafika, pampu siigusi. Nibadilishe hita zote 4 kwanza, au betri na oili ya 15W-40, iliyo nyepesi zaidi kwenye baridi? Spreyi ya kuwashia sitaki: ikikutana na hita yenye moto inalipuka kabla ya wakati, ringi za pistoni zinavunjika.