NIMEITWA CHOKORAA MBELE YA MAMA MKWE, MWIKO MKONONI!!!

Wakuu, nimetoka walimani sasa hivi, hata kanzu sijavua. Natetemeka.

Yule mtu mnamjua. Yule wa kila shughuli hapa Tanga, akiingia hata spika zinanywea. Simtaji.

Nilikuwa uani natafuta ukoko wa pilau. Ukoko tu! Nyama zilishahamia meza kuu. Nachokorachokora sufuria, mara namsikia yule mtu nyuma: "Muoneni chokoraa huyo!" Nageuka, mama mkwe mtarajiwa kasimama na sinia. Mimi mwiko mkononi, ukoko mdomoni. Watu elfu mbili wakacheka. (Sawa, kumi na watano. Lakini walichekea elfu mbili.)

Tusi ningelimeza. Kilichoniua ni darsa. Akaanza kuwafafanulia watu eti chokoraa ni Kiarabu, maana yake mtoto asiye na baba. Na baba yangu yupo palepale anakunywa soda!

Kiarabu cha wapi? Kuchokora si kuchimbuachimbua kwa kitu chenye ncha? Unachokora meno, unachokora sikio. Watoto wa mitaani wanachokora majalala, wakaitwa machokoraa. Basi! Mwiko mkononi, wakuu. Mbele ya mama mkwe.

Jicho_la_Mamba: Tuelewane kwanza. Ulikuwa unachokora au hukuwa unachokora?

mpenda_kamusi: Mleta uzi umejimaliza. Fungua kamusi ya Johnson, ya 1939: chokora ni mtoto wa jikoni, mtu wa kufuatafuata wenye nacho. Jikoni, sufuria, shughuli ya watu. Kiarabu kakosea, wewe hakukukosea.

Mleta uzi: Mwiko wenyewe haukuwa wangu!!

Jicho_la_Mamba: 😂😂 Kwa hiyo na mwiko umeuchokora.

Khanga_Moja: Khalid Chokoraa kaimba bendi ya Twanga Pepeta na jina hilohilo, watu wakamtuza. Wewe ukoko tu unatoa machozi.

Wa_Eastlands: Huku Nairobi zamani walikuwa parking boys. Anakuonyesha pa kuegesha, unampa shilingi, mnaachana kwa amani. Siku hizi nalipia kwa simu na nikirudi kioo cha pembeni hakipo. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mtoto_wa_Goma: Kwetu ni maibobo. Kinshasa wanasema shegue: huyu atakwambia limetoka kwa Che Guevara, yule atakwambia ni Schengen, ile viza ya Ulaya. Wenye darsa hawako Tanga peke yake.

kimya_kingi: Nimelala stendi ya Ubungo 2009 hadi 2011. Hilo neno nilikuwa naamshwa nalo, kwa teke. Wewe umeitwa mara moja, tena umeshiba.

Mleta uzi: Pole sana mkuu. Ila wewe mama mkwe hakuwepo.

Khanga_Moja: Huyu jamaa apelekwe wapi jamani?

Mama_Shughuli: Niacheni niulize la maana. Pilau ya watu inashikaje ukoko? Nimechangia laki nzima, nikapakuliwa viazi viwili na kipande cha mfupa!

Jicho_la_Mamba: Afadhali wewe ulipakuliwa. Mimi nilitoa hamsini, mlangoni nikaambiwa kadi yangu ni ya mtu mmoja, mke wangu akabaki nje kashika zawadi.

Mama_Shughuli: Kamati ileile! Na mweka hazina kabadilisha simu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mwiko…

Jicho_la_Mamba: Mama, hiyo namba yake mpya unayo?