Naomba ushauri: aliyempiga binti hamjui hata jina. Ni shambulio la kawaida tu?

Ukhti_Barani: Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Malindi. Juzijuzi alfajiri binti wa jirani alikuwa akipeleka mahamri sokoni, beseni kichwani. Kijana mmoja akamvamia, akampiga ngumi na jiwe. Ameshonwa nyuzi saba juu ya jicho. Hawajuani. Alipokuwa akimpiga alisema, "Nyinyi wanawake mmezidi, nyote ni wamoja." Polisi wameandika shambulio. Nauliza, sheria yetu ina kosa la kumdhuru mtu kwa kumchukia kwa kuwa ni mwanamke?

Baba_Nuru: Pole. Lakini binti kutoka alfajiri peke yake, hilo nalo tuliangalie. Zamani mtoto wa kike alisindikizwa.

Ukhti_Barani: Baba, alikuwa kazini. Mamake miguu imemvimba, hawezi kufika sokoni. Mahamri yaliyomwagika ndiyo yangelipa kodi.

Wakili_Kando: Nijibu ulichouliza. Kosa hilo peke yake Kenya halipo. Shambulio la kujeruhi liko kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, mwisho miaka 5. Madhara makubwa ni kifungu cha 234, hapo hakimu anaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria ya Utangamano ya 2008 inazungumzia chuki ya kikabila, wanawake haikuwataja. Hata hivyo nia haipotei: ikithibitishwa, hakimu anaipima anapotoa adhabu. Nani alisikia hayo maneno?

Mpishi_Watamu: Mimi nimepikia Waitaliano miaka kumi na moja. Novemba 25, 2025 tajiri wangu aliinuka mezani, chakula kikapoa, anaangalia simu. Akaniambia bunge lao limepitisha sheria: kumuua mwanamke kwa chuki ya kuwa yeye ni mwanamke ni kosa lenye jina lake, adhabu kifungo cha maisha. Nilimuuliza, kwani kuua si kuua? Akasema kisipotajwa hakihesabiwi. Nikamkumbuka dada yangu marehemu. Kwenye karatasi waliandika "ugomvi wa nyumbani". Ugomvi una pande mbili, dada yangu alikuwa amelala.

Kijana_wa_Ngala: Kwa hiyo sisi wanaume tukikohoa tu tumefanya chuki? 😂

Mpishi_Watamu: Mwanangu, nimetaja marehemu. Ungoje.

Wakili_Kando: Dada Ukhti, swali langu umeliruka. Nani alisikia?

Ukhti_Barani: Mimi.

Wakili_Kando: Ulikuwa njiani?

Ukhti_Barani: La. Nilisikia baadaye, kwenye simu. Zipo sauti za WhatsApp, alikuwa akiwatumia wenzake. Miezi mitatu. Anasema atawafunza adabu, na ya mwisho ni ya asubuhi ile ile, anahema huku anasimulia.

Bi_Shela: Umeipataje simu yake, binti yangu?

Ukhti_Barani: Ni mdogo wangu. Tumbo moja. Alinipa nimwekee chaji, saa mbili baadaye wakamshika. Sasa yuko nje kwa dhamana, kwa mjomba Mambrui, na kila siku anapiga akiulizia simu yake.

Kabla hamjanihukumu: wazee wamekaa, jirani amekubali matibabu na fidia. Mama ana presha. Polisi hawajaiulizia simu. Nilifikiri nizifute, kesi iishe kwa shambulio. Yeye ni mtoto, ana miaka ishirini na mbili. Nikizipeleka atafungwa mingi, si ndiyo?

Baba_Nuru: Damu nzito. Suluhu ni heri.

Bi_Shela: Heri kwa nani? Aliyeshonwa mmemuuliza, au wazee wamezungumza na mamake?

Kijana_wa_Ngala: Jamani, uzi huu ni wa kutunga. Kwanza ni jirani, mara alisikia, mara ni ndugu yake. Kesho atasema beseni lilikuwa lake. Watu wanatafuta wafuasi kwa machozi.

Mpishi_Watamu: Hata mimi nimeanza kusita. Kwa nini usiseme mwanzo?

Ukhti_Barani: Kwa sababu ningesema mwanzo mngezungumzia familia yangu, yeye mngemsahau. Beseni ni la bati, la bluu, limebonyea ukingoni. Nimeliokota mimi. Jana niliwapelekea wali, akanifungulia mlango huku ameshika leso juu ya jicho, akasema, "Shukran dada." Hajui. Sauti ya tano kwenye simu hii inataja kina mama wa sokoni wote. Kijana, kama natunga, Mungu anijaalie iwe nimetunga.

Kijana_wa_Ngala: Nisamehe, dada. Mamangu naye anauza sokoni.

Wakili_Kando: Ukifuta ukijua ni ushahidi, kosa ni lako sasa, si lake tu. Na fidia ya wazee haizimi kesi ya jinai, mahakama ndiyo inayoamua. Anayempiga asiyemjua hana ugomvi naye wa kusuluhishwa. Hapo ndipo chuki ilipo, na ndiyo sababu wanawake wa Kenya waliandamana Januari 27, 2024 kupinga mauaji ya wanawake.

Bi_Shela: Piga 1195, namba ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, uzungumze kabla ya kwenda. Na simu usimrudishie.

Ukhti_Barani: Anapiga tena sasa hivi. Simu yake nimeizima. Nimeifunga ndani ya leso, iko chini ya debe la unga. Sijafuta. Nikifika kituoni nimuulize nani?

Wakili_Kando: Dawati la jinsia. Usiitoe mkononi kabla hawajaandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, kuwa wameipokea, na namba ya OB uiandike kando.