Okidi tatu zilizotelekezwa barazani: mkaa, magome au kuzifungia kwenye ndoo?

Binti wa Nyegezi

Habari za jioni wadau. Nimepanga nyumba huku Nyegezi, Mwanza, na mpangaji aliyetoka kaniachia okidi tatu barazani. Jirani anasema hakuna aliyezigusa tangu masika; zimeishi kwa mvua ya kurushwa na upepo. Mbili ni Phalaenopsis, zile za majani mapana. Ya kwanza ina majani manne yaliyonywea kama ganda la embe lililosahaulika kabatini. Nilipoichomoa nikahesabu mizizi sita bado migumu. Ya pili ilikuwa imewekwa ndani ya chungu cha kaure kisicho na tundu. Majani mawili, yamenywea vilevile, ila mizizi ukiibana inachuruzika maji ya kahawia, unabaki umeshika uzi tu. Ya tatu ni vijiti vinne kama miwa ya kitoto, haina hata jani moja.

Nimeambiwa mkaa, nimeambiwa magome ya miti, nimeambiwa nizifungie kwenye chombo chenye unyevu. Nataka njia moja niitumie kwa zote. Ipi?

Ng'wana Kirumba

Mkaa, usihangaike. Okidi za namna hiyo kwao Asia zinaota juu ya miti, mizizi nje nje inapigwa na hewa. Udongo ndio unaoziua. Chagua vipande vya nusu ya kiberiti, osha mpaka maji yatoke meupe, loweka usiku kucha. Tumia kitenga kidogo cha plastiki. Ya kwangu ina mwaka wa nne kwenye mkaa mtupu, na gharama yake ni kisado kimoja.

Mama Bustani

Ng'wana Kirumba, kwa ile ya kwanza sikupingi sana. Ya pili utaizika.

Binti, hizo zako mbili ukiziangalia kwa juu zinafanana, majani yote yamelegea. Lakini moja ina kiu na nyingine imezama. Iliyozama nayo inakauka majani kwa sababu haina tena mdomo wa kunywea: mizizi imeoza. Ukiipanda kwenye mkaa na upepo huu wa ziwa, itakunywa nini? Ndiyo maana ukiuliza "ipi bora" kila mtu anakujibu yake. Anza kwa kuhesabu mizizi hai.

Mzizi hai ukiukausha unakuwa kama fedha, ukiulowesha unageuka kijani. Mfu ni bapa au mtupu ndani. Kata wafu wote kwa wembe uliopitishwa kwenye spiriti au moto, na ubadilishe wembe kabla hujahamia mmea mwingine.

Ya pili fanya hivi. Tafuta ndoo inayopitisha mwanga, yenye mfuniko (mifuko ya plastiki tulishaagana nayo Juni 2019, na ndoo ni imara zaidi). Kunja kipande cha khanga kuukuu, kiloweshe, ukamue, tandika chini. Juu yake weka chujio la chai lililopinduliwa, mmea ukae juu ya chujio bila kugusa maji. Uweke penye mwanga lakini jua lisiingie, la sivyo utaichemsha. Funua kila asubuhi dakika kumi. Kisha subiri. Nasema miezi, siyo wiki.

Mzee wa Ukerewe

Mwangaluka wote. Mimi ni mtu wa magome. Mkaa unakauka upesi mno kiangazi, na mtu wa kazini hawezi kumwagilia kila siku. Magome ya paina yanashika maji kiasi na bado yanapitisha hewa. Huku visiwani tuna shamba la miti Rubya, lakini nawe Mwanza nenda kwa wapasua mbao uulize mabanzi. Watakupa kwa bei ya kuni. Bandua gome, katakata ukubwa wa kete za bao, chemsha, anika. Usichukue yaliyopakwa dawa ya mchwa.

Makumbi ya nazi nayo yanafaa ila nazi zinafika kwetu zimeshafuliwa. Ukiyapata ya pwani, loweka na kumwaga maji mara kadhaa, yana chumvi.

Igoma Mjini

Mnamtesa dada wa watu. Funga kwenye mwembe kwa kamba, mwagia maji ya kuoshea dagaa, imekwisha.

Mama Bustani

Mdogo wangu, hayo maji ya dagaa nimeyajaribu. Nilipata inzi, siafu na paka wa jirani aliyelala juu ya chungu. Okidi nilizika. Mmea usio na mizizi haulishwi mbolea ya aina yoyote, hata ile ya dukani. Chumvi zake zinaunguza kidonda.

Mwembe siukatai, ila kwa mmea wenye afya, na uanze mvua za vuli zikishika. Sasa hivi ni Juni.

Ng'wana Kirumba

Haya, kwa ya pili nimekubali ndoo. Ila naongeza: usimwagie maji katikati ya majani. Yakituama pale kwenye moyo, hasa usiku, unaoza na habari ndiyo imeishia hapo. Mwagilia asubuhi. Ya bomba yalaze usiku kucha klorini ipungue. Ya mvua ni bora, lakini acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati.

Na ukiambiwa utumie mdalasini wa unga, ni wa kupaka kwenye kidonda cha jani tu. Ukiumwagia kwenye mizizi unaikausha.

Binti wa Nyegezi

Shikamoo Mzee, asante Mama. Basi ya kwanza magome, ya pili ndoo. Je, ile ya vijiti nitupe?

Mzee wa Ukerewe

Marahaba mwanangu. Usitupe! Kwa maelezo yako inaelekea ni Dendrobium. Kijiti kisicho na jani bado ni ghala, kama hakijawa cheusi wala chepesi. Kilaze juu ya magome yenye unyevu. Mara nyingi kwenye pingili hutoka kichipukizi chenye mizizi yake.

Inaweza pia kuwa Ansellia, ya kwetu, ya maua ya njano yenye madoa kama chui. Hiyo inaota mitini Tanzania. Kama ni yenyewe, utaona vijizizi vyembamba vimesimama kuelekea juu kama sindano. Itunze hiyohiyo, usiende kung'oa nyingine porini. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, na huko nyanda za juu kusini tayari zinachimbwa viazi vyake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo.

Igoma Mjini

Chikanda tamu lakini 😅

Binti wa Nyegezi

Narudi baada ya wiki tisa. Ile ya magome, majani mawili ya chini yamebaki na makunyanzi yake, lakini jipya limechomoza katikati, gumu, linang'aa. Vijiti: vitatu vimekauka, cha nne kimetoa kivimbe kwenye pingili, bado sijui ni jani au mzizi.

Ya ndoo imepoteza jani moja, nikalia kidogo. Jana nimefunua nikaona pembeni ya shina kitu kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ila kijani. Mama Bustani, niitoe au niiache humohumo?

Mama Bustani

Iache. Huo mzizi ukifika urefu wa kidole, piga picha urudi hapa.