Mabango ya maandamano ya 2020 yanapauka: tuyahifadhije?

Mkusanyaji_MN
Habari wakuu. Jumuiya yetu hapa Minneapolis, Marekani, ina mabango ya kadibodi kama 60 na plaiwudi 5 zilizochorwa, yote ya maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi hapa, Mei 2020. Yako gereji. Wino wa maka peni unafifia, selotepu imekuwa kahawia, plaiwudi mbili zina ukungu. Wengine wanasema tupulize vanishi. Mnashaurije?

Fundi_Karatasi
Vanishi hapana. Inazama kwenye kadibodi, inaigeuza njano, inaweza kuuchuruza wino, na haitoki tena. Laminesheni ndiyo balaa zaidi.

Anzeni na ukungu. Zitengeni hizo mbili, vaeni barakoa ya N95 na glavu, zikausheni kwenye hewa inayopita. Ukungu ukishakuwa unga, ufyonzeni nje kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana. Ukiufuta mbichi unausugulia ndani ya mbao.

Kadibodi zilazeni bapa, kila moja itengwe kwa karatasi isiyo na asidi. Zenye rangi ya akriliki ziwekeeni karatasi ya silikoni, ile isiyogandamana, maana akriliki hunata hata baada ya miaka. Selotepu msiibandue, itaondoka na maandishi.

Mkusanyaji_MN
Asante. Na matope je, tuyasafishe?

Mwenye_Rafu
Vumbi legelege tu, kwa brashi laini. Alama za maandamano yenyewe ziacheni. Sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, iliyoangushwa Bristol, Uingereza, 7 Juni 2020 na kutupwa bandarini, ilitolewa majini ikaoshwa tope, lakini rangi waliyoipuliza waandamanaji ikahifadhiwa kwa makusudi.

Gereji ihameni. Unyevu unaopanda na kushuka kwa misimu ya Minnesota huvimbisha plaiwudi na kuisinyaza, tabaka zikaanza kuachana kwenye kingo. Tafuteni chumba chenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, plaiwudi zisimame juu ya vipande vya mbao, zisiguse sakafu. Mkifanya maonyesho, mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Wino uliofifia haurudi.

Kasha_la_Picha
Kabla ya yote hayo pigeni picha, mbele na nyuma. Namba ziandikeni nyuma kwa penseli laini. Na jamani, bango kuwa mikononi mwenu hakuwapi hakimiliki: kwa sheria ya Marekani ni ya aliyelichora. Majina na namba za simu zilizoandikwa nyuma msizirushe mtandaoni bila ruhusa.