Maana na asili ya nahau ya Kichina «wu jing da cai»

Swali
Ndugu zangu, ninajifunza Kichina na nimekutana na nahau 无精打采, yaani wu jing da cai. Niliitafsiri kuwa «kwa uvivu», lakini mwenzangu darasani alikataa katakata. Linalonitatiza zaidi ni neno da, ambalo tumelizoea kwa maana ya kupiga, kiasi kwamba hata kupiga simu kwao ni da dianhua, sawasawa na kwetu. Je, mtu huyu anapiga nini, na nahau yenyewe imetoka wapi?

Jibu la kwanza
Wu ni kutokuwa na kitu, jing ni nguvu ya nafsi, na cai ni nuru inayoonekana usoni mwa mtu. Da hapa ina maana ya kuondoa, wala haihusiani na pigo, kama sisi tunavyopiga pasi au kupiga mswaki bila kumgonga mtu. Nguvu hakuna, na nuru ya uso imeondoka.

Jibu la pili
Mwenzako alikuwa na haki. Mfano unaotajwa sana umo katika sura ya 25 ya Hong Lou Meng, riwaya ya Cao Xueqin iliyochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1791. Kijakazi Xiaohong, ambaye usiku uliotangulia amemwota kijana Jia Yun, anatumwa kuazima kopo la kumwagilia maua. Njiani anamwona kijana huyohuyo ameketi juu ya jiwe akisimamia upandaji wa miti. Anatamani kumwendea, hathubutu, analichukua kopo na kurudi, kisha anakwenda kujilaza chumbani wu jing da cai, na wenzake wanadhani hajisikii vizuri tu. Kazi aliyotumwa ameimaliza, kwa hiyo uvivu hauna nafasi hapo. Mimi ningeandika «amenyong’onyea».

Muulizaji
Nashukuru sana, nimeshafuta «uvivu» daftarini. Je, ni sawa na nahau nyingine, chui tou sang qi?

Jibu la tatu
Zinakaribiana, ila hiyo ni ya mtu aliyeshindwa: kuinamisha kichwa na kuishiwa pumzi. Imo katika maandishi ya Han Yu, mwandishi wa Kichina wa enzi ya Tang, ya mwaka 811, ambamo anajaribu kuyafukuza mapepo ya umaskini, nayo yanamjibu kwa hoja nzito hata anainamisha kichwa, anayashukuru na kuyakaribisha yakae mahali pa heshima. Xiaohong hakushindana na mtu yeyote.